Shajara ya mradi: picha za Bibi zitoke kwenye simu

Jumamosi, 11 Januari 2025

Nimerudi kutoka Tanga jana usiku nikiwa na deni. Bibi aliniuliza picha ya harusi ya mdogo wangu iko wapi, nikatoa simu. Akaisukuma pembeni kwa vidole viwili, kama mtu anayekataa chai iliyopoa. "Hiyo simu. Mimi nimeuliza picha." Akafungua kabati, akanitolea albamu yake. Picha ya mwisho kubandikwa ni ya 2006, mwaka ambao mjomba alinunua kamera ya dijitali na ukoo mzima ukaacha kupeleka filamu kusafishwa. Baada ya hapo kurasa tupu. Wajukuu watano na vitukuu wanne, kwa mujibu wa albamu ile, hawajazaliwa.

Picha zenyewe zipo. Zimo kwenye simu za watu sita, laptopu moja isiyowaka, na grupu la WhatsApp la ukoo ambalo kila mtu amelinyamazisha.

Basi mradi ni huu: picha 200 mkononi mwa Bibi kabla ya Idd. Nina wiki kumi na moja. Nitaagiza kwa mtandao, maana sina nafasi ya kuzunguka Kariakoo, na flashi yangu ya mwisho iliyoingia kwenye kompyuta ya studio ilirudi na virusi vya kutosha kijiji kizima. Lakini silipii picha 200 kwa mtu ambaye sijaiona kazi yake. Nitawapa wote picha zilezile sita, nizilaze mezani, niangalie.

Nimepata wanne. Majina yao halisi yabaki kwangu, kwa sababu mashine ya mtu inaweza kuamka vibaya siku moja tu na siku hiyo ikawa yangu. Wa kwanza namwita Fundi: yuko hapa Dar, hana tovuti, unamtumia picha kwa WhatsApp, unalipa kwa lipa namba, boda analeta. Wa pili ni Tovuti, naye wa hapa Dar, ana ukurasa mzuri wenye kikapu na kila kitu. Wa tatu ni Mombasa, kupitia shangazi anayeishi Kisauni. Nimemweka kwa sababu Tanga iko karibu zaidi na Mombasa kuliko na Dar, na mabasi yanayopita mpaka wa Horohoro yanabeba vifurushi. Wa nne ni Uingereza: kaka yuko Leicester, ana programu kwenye simu, picha zinadondokea mlangoni kwake kwenye bahasha. Kuzifikisha huku ni kazi ya yeyote anayepanda ndege.

Jumatano, 15 Januari

Picha za majaribio zimekamilika. Nilizichagua kwa ubaya wake.

Ya kwanza ni ya Idd ya mwaka juzi: wanaume kumi na wawili, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, ukuta mweupe nyuma. Ya pili ni Bibi kwa buibui jeusi, amekaa kizingitini, nyuma yake ukumbi wenye giza. Hizo mbili ni mtego. Mashine ya kuchapa picha ikiachiwa irekebishe yenyewe, huchukulia kwamba picha yoyote ukiikoroga yote pamoja itatoa kijivu cha wastani. Ikikuta weupe mwingi inatia giza. Ikikuta weusi mwingi inapandisha mwanga. Wanaume wa kanzu wanaweza kutoka bila pua, na Bibi akatoka rangi ya majivu.

Ya tatu ni ya harusi, kama ilivyo kwenye grupu, baada ya kupita mikono ya watu wanne. Ya nne ni binamu kumi na watatu wamepanga mstari pale Raskazone, ufukweni Tanga, wa mwanzo na wa mwisho wakigusa kabisa kingo za picha. Ya tano ni skani ya picha ya Babu, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa Mji Mkongwe kwenye Capital Art Studio, ile iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha isiyo na rangi ndiyo inayoumbua mashine ya rangi, kwani kijivu kikielekea kijani au waridi kidogo tu, jicho linaona.

Ya sita si picha. Nimechora karatasi nyeupe yenye mistari ya milimita moja moja kutoka kila ukingo kwenda ndani, hadi kumi, kila mstari na namba yake. Nikipokea chapa nitasoma namba ya kwanza inayoonekana na kujua nimekatwa kiasi gani.

Jumapili, 19 Januari

Nimeshinda na kikokotoo.

Picha ya kuchapa inataka kama pikseli 300, vile vitone vinavyoijenga, kwa inchi. Ile saizi ya postikadi, inchi 4 kwa 6, inahitaji 1200 kwa 1800. Simu yangu inapiga 4000 kwa 3000, kwa hiyo inazo za kumwaga. Shida ni umbo. Simu inapiga nne kwa tatu, karatasi ya postikadi ni tatu kwa mbili. Ili picha ijaze karatasi, lazima safu 333 za pikseli kati ya zile 3000 zitupwe, yaani sehemu moja ya tisa ya picha. Ukipiga simu ikiwa imelala, zinazopotea ni kofia na viatu. Ukipiga imesimama, anayepotea ni yule aliyejibanza pembeni, na kwenye familia yetu daima ni mtu yuleyule.

Kuhusu WhatsApp nilikuwa na hakika kwamba ndiyo mchawi wa kila kitu. Nimeifungua ile picha ya harusi: 1600 kwa 1200. Gawanya 1600 kwa inchi 6, unapata 267. Si mbaya! Kwa postikadi inatosha kabisa kwa hesabu ya pikseli. Ugonjwa wake ni kubanwa: nikivuta uso wa bi harusi karibu, hina ya mkononi imegeuka vigae, na kitambaa cha shela hakina uzi hata mmoja. Inchi 8 kwa 10 ndiyo inayoua, maana hapo unabaki na 150 kwa inchi na vigae vyote vinaonekana toka mlangoni. Na kuna watu kwenye ukoo wetu ambao "picha" zao ni skrinishoti za stetasi. Hizo nimezitoa bila majadiliano.

Nimeandika kwenye grupu: kila mtu atume picha zake kama dokumenti, si kama picha. Majibu: vidole gumba vitano, dokumenti moja, na hiyo moja ni risiti ya LUKU.

Jumamosi, 25 Januari

Maagizo yameondoka yote manne. Postikadi, karatasi ya kung'aa, bila ukingo mweupe.

Fundi anataka shilingi 700 kwa moja, zikizidi mia anashuka hadi 500. Tovuti ni 600, usafiri 5,000. Mombasa ni shilingi 35 za Kenya. Uingereza peni 12 na posta juu yake. Kwa picha sita hesabu haina maana, nauli inakula kila kitu. Kwa 200 nimepiga: Tovuti 125,000, Fundi 100,000 na boda, Mombasa kama 140,000, na Uingereza, kwa namna ninavyobadilisha pauni, iko chini ya 90,000. Mahali penye mishahara ghali kuliko kote ndiko chapa iliko rahisi. Ila ile 90,000 haina tiketi ya ndege ndani yake.

Tovuti imenitesa. Inapandisha picha moja moja, ya tano ikakwama, ukurasa ukajisahau, nikaanza upya. Hizi ni sita. Nikifikiria 200 naliona bando langu likilia. Kaka naye aliniletea zake kutoka iPhone zikiwa HEIC, muundo ambao simu hizo zinautumia tangu 2017, Tovuti ikazikataa zote. Nimezibadilisha kuwa JPEG mwenyewe.

Jumapili, 2 Februari

Za Fundi zimefika siku ya pili tu. Za Tovuti siku ya sita, na ndani ya bahasha kulikuwa na picha ya saba: dada aliyevaa joho la mahafali, anatabasamu, nyuma yake maua ya plastiki. Simjui. Mahali fulani Dar es Salaam kuna dada amepungukiwa picha moja. Nimeirudisha kwa boda kwa gharama yangu, na nimebaki nikijiuliza kama Bibi yangu kizingitini yumo kwenye bahasha ya mtu huko Mbagala. Nimewauliza wote wanne mafaili yetu wanakaa nayo muda gani. Fundi amejibu kwa sauti: "Dada, mimi simu yenyewe imejaa, nafuta kila Ijumaa." Ndilo jibu lililonituliza kuliko yote.

Karatasi yangu ya mistari kwanza. Kwa Fundi namba inayoonekana ni 2 juu na 2 chini, kushoto 1, kulia 3: karatasi iliingia upande kidogo. Kwa Tovuti ni 3 pande zote, sawasawa. Hakuna anayeanzia sifuri. Mashine ya kuchapa bila ukingo mweupe huikuza picha kidogo ipite karatasi, isije ikabaki nyuzi nyeupe pembeni, na kinachopita ndicho kinachopotea. Kwa hiyo juu ya ile sehemu moja ya tisa kuna milimita mbili tatu zaidi.

Sasa Raskazone. Tovuti iliikata picha katikati bila kuuliza: kofia za binamu warefu zimekwenda, miguu yote imekwenda, wamesimama kama watu waliozama hadi magotini. Fundi hakukata. Aliacha ukanda mweupe kushoto na kulia, picha nzima ikabaki ndani, ndogo kidogo. Nikadhani ni kosa la mashine. Nimempigia. "Niliona viatu," akasema.

Jumamosi, 8 Februari

Leo rangi. Nimezilaza kwenye baraza saa nne asubuhi, kivulini, kwa sababu chini ya balbu ya ndani kila kitu ni njano.

Kanzu za Tovuti zimekuwa kijivu cha mvua, na sura chini ya kofia ni madoa. Mjomba namjua kwa namna alivyoshika bakora tu. Bibi kizingitini amepauka, buibui limekuwa rangi ya mkaa uliozimika, na ule mkunjo kati ya nyusi zake, ambao ndio Bibi mwenyewe, umefutika. Mtego umenasa kama nilivyoutega. Sijafurahi hata kidogo.

Hili lina historia ndefu kuliko duka moja la mtandaoni. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak waliwagawia wasafishaji picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke wa kizungu. Mafundi walimwita Shirley, na kadi zote zilizofuata zikabaki na jina hilo. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, mashine iko sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Albamu ya Bibi imejaa ushahidi: picha za rangi za miaka ya 1980 ambamo magauni yana kila ua na nyuso hazina kitu.

Fundi naye alirekebisha, ila kwa jicho. Kanzu ni nyeupe, sura zinaonekana. Kwa Bibi amepitiliza, amemwongezea wekundu kama ametoka jikoni. Na Babu ametoka na kijani kidogo kwenye kivuli cha shingo. Kwa Tovuti Babu ni wa samawati. Hadi hapa sina mshindi.

Jumapili, 16 Februari

Mgeni wa kutoka Leicester ametua, kaleta bahasha na biskuti. Za Mombasa zilikwisha fika kwa shangazi zamani, lakini alizikalia. Alipopiga simu alisema, "Picha zimekuja mwanangu, nzuri mno, ila moja wameniletea mistari mitupu, ntawarudishia?" Nimemweleza kuhusu ile karatasi. Alicheka hadi simu ikakatika.

Sasa zote ishirini na nne ziko mezani. Darubini ya kitoto ukiigeuza, ukaweka jicho upande wa kioo kikubwa na ule mdogo ukausogeza karibu kabisa na karatasi, inakuwa miwani ya kukuzia. Nimeangalia shavu la bi harusi mara nne. Kwa Tovuti shavu ni mchanga: vitone vya wino vilivyonyunyizwa, vya samawati ndani ya kahawia, vya njano kando. Kwa Fundi hakuna vitone, ni laini, na mistari miembamba mno ukiitafuta sana. Kwa Mombasa na Uingereza ni wingu tu, rangi inaingia ndani ya rangi bila mpaka. Ukigeuza ya Mombasa nyuma unakuta jina la Fujifilm limejirudia kwa kijivu hafifu. Karatasi ya kusafishia ya kweli, yenye madini ya fedha, iliyomulikwa na kupitishwa kwenye dawa, kama zamani. Kilichobadilika ni kwamba badala ya negativu siku hizi inamulikwa moja kwa moja kutoka kwenye faili.

Fundi nilimuuliza anatumia nini, akanitumia video ya sekunde arobaini. Karatasi inatoka, inarudi ndani, inatoka, inarudi. Mara ya kwanza imetoka ya njano tupu, sura kama za wagonjwa wa manjano. Mara ya pili ikapata waridi, ya tatu samawati, ghafla ni watu. Ya nne haikubadilisha kitu machoni, na hiyo ndiyo ninayoitaka: ni tabaka la plastiki la kufunika rangi.

Maji. Nimedondosha tone moja kwenye kona ya kila picha ya Raskazone, nikahesabu hadi mia mbili, nikafuta kwa kanga. Ya Fundi: tone lilikaa juu kama umande juu ya jani la mgomba, likaondoka, hakuna alama. Za Mombasa na Uingereza: pamevimba kidogo, pakakauka na duara lisilong'aa. Ya Tovuti: bahari ya Raskazone imekuja kwenye kanga yangu.

Tanga ni pwani, na nyumba ya Bibi ina unyevu wa kuta za zamani. Nilipokuwa kule niliona picha ya Babu iliyogandia kwenye kioo cha fremu. Karatasi za zamani zina ute unaolainika kwa unyevu, ukikutana na kioo hauachii. Hatujaibandua. Tuliipiga skani humohumo ndani ya kioo, ndiyo hiyo ya majaribio.

Nimekata vipande vinne, kila kimoja nimekifunika nusu kwa foili na kukibandika kwenye dirisha la jua la alasiri. Tutaonana Machi.

Jumapili, 23 Februari

Uingereza nao mashine ilikuwa imejirekebishia rangi, na leo wamelipa deni hilo: mle kwenye programu ya kaka kuna kitufe cha kuzima marekebisho, kimefichwa ndani ya ukurasa wa tatu. Alikizima kwa agizo la pili na kunitumia picha ya picha. Kanzu nyeupe, Bibi ana mkunjo wake. Faili lilikuwa sawa siku zote.

Nikampigia Fundi. Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kistaarabu, yakaisha haraka.

"Fundi, unaweza kuchapa bila kugusa rangi?"

"Dada, wateja wanataka weupe. Nisipogusa wananirudishia."

"Mimi nitakurudishia ukigusa."

Kimya. "Hata bibi?"

"Hasa bibi."

Amechapa tena zile mbili, bure, boda nimelipa mimi. Bibi ametoka vizuri. Amenieleza pia kwamba mashine yake inatoa inchi 6 kwa 8, na hapo nusura niruke: 6 kwa 8 ni tatu kwa nne, umbo lilelile la simu, hakuna kinachokatwa zaidi ya zile milimita za ukingo. Kaka anasema kwao kuna hata 6 kwa 4.5 kwa sababu hiyohiyo. Huku sijakutana nayo.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani imeanza, kazi inakwenda usiku. Dokumenti zimefikia 340 baada ya mama kuingilia kati kwenye grupu. Nimechuja hadi 200. Mpigapicha wa harusi alikuwa bado na mafaili yake, akanitumia kiungo, nikapakua ile ya bi harusi ikiwa na nyuzi zote za shela. Kaka amependekeza tusihangaike, tuyaache mafaili yote kwenye akaunti ya ile programu yake, "yatakaa salama". Nimemkumbusha Kodak Gallery, waliokuwa wakihifadhi picha za mamilioni ya watu hadi 2012 walipofunga, na picha za wateja wa Marekani zikahamishiwa kampuni nyingine, Shutterfly. Kule angalau zilihamishwa. Nimenunua diski.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki nne za dirishani zimetimia. Nimebandua foili. Ya Tovuti ina mpaka kama wa mtu aliyevua saa: upande wa jua waridi imeondoka, nyuso zimekuwa za kijani. Ya Fundi imepauka kidogo, unahitaji kuikaribia ndipo uone. Za Mombasa na Uingereza nimeweka moja moja mbele ya mama, akashindwa kusema foili ilikuwa upande gani. Mimi niliona tofauti kidogo, ila mimi nilijua pa kuangalia.

Hivyo nimegawa. Za ukutani, 12, inchi 8 kwa 10, zinakwenda Mombasa: karatasi ya fedha, ukingo mweupe, marekebisho yamezimwa, na zote kutoka mafaili halisi, hakuna hata moja ya grupu. Shangazi atazipakia basi la Tanga. Za kushika ni 188, zote kwa Fundi: postikadi 170 na za 6 kwa 8 ni 18, jumla 112,000. Uingereza ingekuwa rahisi na nzuri pia, lakini hakuna anayesafiri kabla ya Idd, na sina moyo wa kusubiri forodha. Tovuti nimemshukuru kwa barua pepe na sikusema zaidi.

Agizo la Fundi lina sentensi tatu. Usiguse rangi. Usikate mtu. Ukiona viatu, acha viatu.

Jumamosi, 22 Machi

Zimekuja, boksi la viatu kamili. Nimezihesabu mara mbili. Tatu zina mstari mwembamba kama unywele, vumbi liliingia kwenye mashine. Fundi amezirudia siku hiyohiyo.

Kazi iliyobaki ni majina nyuma. Karatasi hizi zina plastiki pande zote mbili: kalamu ya kawaida inateleza na ukikandamiza mfinyo unatokea mbele, penye shavu la mtu. Penseli haishiki. Nimetumia maka peni ya ncha nyembamba, nikiandika pembeni kabisa, kila moja dakika kadhaa ya kukauka kabla ya kulaziwa nyingine. Baada ya futari nilikuwa nimezitandaza sebuleni nzima, mume wangu anapita kwa ncha za vidole. Na albamu ni ya mifuko. Ile ya zamani ya kurasa za gundi na nailoni juu imezipiga njano picha za Bibi za miaka ya 1980, na hazibanduki tena.

Jumatano, 2 Aprili, Tanga

Za ukutani zilifika kabla yangu, shangazi hakukosea hata kona. Tumeziweka kwenye fremu zenye kadi ya kuinua kioo kisiguse picha. Bibi amekataa ya kwake isitundikwe sebuleni, eti watu watadhani amekufa. Iko chumbani.

Albamu hakuitumia. Nilikuwa nimepanga kwa miaka, 2006 hadi sasa. Alizitoa picha zote, akakaa mkekani, akapanga upya kwa nyumba: wa Ngamiani hapa, wa Dar hapa, wa Ulaya kule. Waliokufa aliwaweka peke yao, kwenye kanga, Babu juu. Alikuwa akigeuza nyuma kila moja kusoma jina, na pale nilipoandika vibaya alinisomesha. Yule niliyemwandika mke wa mjomba ni dadake.

Kisha siku ya Idd wageni wakaanza kuingia. Kila aliyetia mguu, Bibi alipekua mafungu, akamtafutia yake, akampa. Aende nayo. Asubuhi boksi lilikuwa na 188, usiku nimehesabu 127.

"Bibi, hizo si ni za albamu yako?"

"Mwenyewe kaja hapa, nimnyime uso wake?"

Nimemwandikia Fundi usiku huu orodha ya kurudia: namba 14, 22, 23, 41 na zile za kanzu, nakala tatu tatu. Ya Raskazone, kumi na tatu.